Amani ya kusema

Mwaka 1999 Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti kuhusu timu 51 za kampuni moja ya viwanda nchini Marekani. Humo ndimo istilahi ya "psychological safety" ilimopata maana inayotumiwa leo na walimu wa uongozi wa biashara: ni imani ya wanatimu wote kwamba mtu akiuliza, akikiri kosa au akipinga jambo mbele ya wenzake, hataaibishwa wala kuadhibiwa. Meneja anayetaka kulieleza jambo hili kwa Kiswahili hupewa "usalama wa kisaikolojia". Mimi tafsiri hii siitaki.

Neno "kisaikolojia" humpeleka msikilizaji kwa mshauri nasaha. Ataelewa kwamba kuna mfanyakazi mwenye msongo wa mawazo, atafutiwe msaada, na bosi hana la kubadili katika mwenendo wake. "Usalama" nalo lina mzigo wake. Nchini Tanzania, ukisema ofisini kwamba fulani ni mtu wa usalama, wenzako watapunguza sauti. Istilahi ya kuwafungua watu midomo isianze na neno linalowafunga.

Wengine watapendekeza "uthubutu wa kusema". Hili ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu linamtwika mzigo yule wa chini. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa uwanja wa Los Rodeos huko Tenerife, ndege ya KLM ilianza kukimbia ili iruke ilhali ndege ya Pan Am bado ilikuwa kwenye njia hiyohiyo. Mhandisi wa ndege ya KLM alithubutu. Aliuliza kama Pan Am ilikuwa imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye hadhi kubwa ndani ya shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, na safari ikaendelea. Watu 583 walikufa. Uthubutu ulikuwepo, kilichokosekana ni mahali pa kuupokea. Sifa tunayoitafutia jina ni ya timu nzima, na mwenye nafasi kubwa zaidi katika kuijenga ni kiongozi.

"Kuaminiana" linakaribia, lakini mimi naweza kumwamini mwenzangu mmoja na bado nikanyamaza kikaoni. "Uhuru wa kujieleza" ni haki ya raia mbele ya dola, nayo iko kwenye katiba.

Mimi nachagua "amani ya kusema". Wafanyakazi wetu tayari wanalitumia neno "amani" wanapozungumzia kazi: sina amani pale, siku hizi tunafanya kazi kwa amani, yule bosi hatupi amani. Katika semi hizo amani haikai moyoni mwa mtu mmoja. Iko kati ya watu, na yupo anayeweza kuitoa au kuivuruga. Hatari yake naiona. Kuna amani ya kunyamaza pia, ile ya kikao kinachofika kwenye "mengineyo" bila mtu kuinua mkono, kisha mazungumzo yote yakaanza kwenye korido. Ndiyo maana neno "kusema" lisiachwe kamwe. Likidondoka, istilahi inageuka kinyume chake.

Kabla ya utafiti wa 1999, Edmondson alikuwa amechunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali mbili. Alitarajia timu zilizoshirikiana vizuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha zina mengi zaidi! Maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo zilikuwa zinayasema makosa yao, na wodi nyingine zilikuwa zinayaficha. Ningependa kila mkurugenzi ausome ugunduzi huo kabla ya kufurahia ripoti isiyo na doa.

Hapa ndipo istilahi inapokutana na ari ya kazi. Mwaka 1990 mtafiti William Kahn alionyesha kwamba mtu huitoa nafsi yake yote kazini pakiwa na mambo matatu: kazi yenye maana, nguvu za kuifanya, na kutoogopa madhara ya kujionyesha alivyo. Mshahara hununua saa za mfanyakazi. Mawazo yake atayatoa akiona hayatamponza.

Kwetu yanaponza kwa majina. Anayeuliza sana ataitwa mjuaji. Anayeonya kabla ya wakubwa ni kiherehere. Anayempinga mkuu hana adabu. Sidhani heshima yetu ndiyo kikwazo. Mtu anaweza kumwamkia bosi wake shikamoo asubuhi, na saa nne akamwambia kwamba hesabu za robo mwaka hazikai sawa. Kinachoamua ni uso atakaoonyeshwa, na swali litakaloulizwa kwanza: "Nani kafanya hivi?" au "Umeionaje?"

Dodoso la Edmondson linauliza, miongoni mwa mengine, kama kosa la mtu hutumiwa dhidi yake ndani ya timu. Kiswahili kinalo neno kali la jambo hilo, kusimangwa. Kiongozi anayetaka kuipima amani ya kusema katika idara yake na awaulize watu wake, bila kuandika majina yao: ukikosea hapa, utasimangwa?