Kushikamana Hakutoshi: Nafasi ya Fosfatidilserini katika Kuamilishwa kwa Chembe Sahani

Tangu Gustav Born atangaze mwaka 1962 njia yake ya kupima chembe sahani kwa mwanga, wengi wetu tumezoea kuamini kwamba chembe iliyoamilishwa ni ile iliyoshikamana na wenzake. Utegili wenye chembe nyingi huwa na ukungu; chembe zikishikana mafungu, mwanga hupenya. Kipimo hicho ni kizuri. Ninachokipinga ni kukipa uamuzi wa mwisho.

Hatua za mwanzo hazina ubishi. Kolajeni au trombini ikishika kipokezi chake, fosfolipesi C huikata lipidi ya utando iitwayo PIP2. Kipande kimoja, IP3, hufungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani, na kingine, diasiligliseroli, huamilisha kinasi C. Fosfolipesi A2 nayo hung'oa asidi ya arakidoniki, ambayo hatimaye huwa tromboksani A2, iliyoelezwa na kundi la Samuelsson mwaka 1975. Aspirini huzuia kimeng'enya cha njia hii ya pili, na kwa kuwa chembe sahani haina kiini cha kuiwezesha kuunda kimeng'enya kipya, kizuizi hudumu hadi chembe yenyewe ife, siku 7 hadi 10. Nadhani mafanikio ya aspirini ndiyo yaliyowafanya wengi waone kuwa kazi ya lipidi inaishia hapo.

Haiishii hapo, na ushahidi ni ugonjwa wa Scott. Mwaka 1979 Weiss na wenzake huko Marekani walimweleza mwanamke aliyekuwa akivuja damu kupita kiasi baada ya kung'olewa jino na baada ya kujifungua. Chembe zake zilishikamana vizuri na kumwaga yaliyomo ndani yake kama kawaida. Hitilafu ilijitokeza penginepo: damu yake ilipoachwa igande kwenye mrija wa kioo, seramu iliyobaki ilikuwa bado na protrombini tele ambayo haikutumika. Chembe zilikuwa zimefanya yote tunayoyapima, isipokuwa kuitoa fosfatidilserini nje ya utando. Lipidi hiyo hukaa upande wa ndani. Kalsiamu inapopanda sana, protini ya TMEM16F huipitisha upande wa nje. Mwaka 2010 kundi la Nagata nchini Japani lilionyesha kwamba jeni ya protini hiyo ndiyo yenye kasoro kwa mgonjwa wa Scott. Juu ya utando ulioitoa fosfatidilserini nje, faktari Xa ikiwa na Va hutengeneza trombini kwa kasi inayokaribia mara 300,000 ya Xa ikiwa peke yake.

Nitaambiwa kwamba wagonjwa wa Glanzmann, ambao chembe zao hazishikamani, nao huvuja damu. Ni kweli, lakini hilo linathibitisha tu kwamba kushikamana kunahitajika. Halithibitishi kwamba kunatosha. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba hata kolajeni na trombini zikitumika pamoja, ni sehemu tu ya chembe inayotoa fosfatidilserini. Kwangu mimi huo ni mgawanyo wa kazi: nyingine hujenga kizibo, nyingine hugeuka uwanja wa kutengenezea trombini.

Basi mgonjwa anayevuja damu huku kipimo cha Born kikiwa safi asirudishwe nyumbani kabla chembe zake hazijachochewa na kupimwa kwa aneksini V, protini inayoishika fosfatidilserini. Nadiriki kusema pia kwamba dawa itakayoipunguza kazi ya TMEM16F bila kuizima kabisa inaweza kuzuia damu kuganda mishipani kwa namna ambayo aspirini haiwezi.