Mwanza hadi Dar kwa ndege: ni kilomita ngapi, na ni saa ngapi kweli?

Wadau, hapa kwetu Segese swali hili huibuka pale mtu anapopewa rufaa ya kwenda Muhimbili na ndugu wanakaa kuchangishana. Apande basi au ndege? Kuna anayejibu fasta, "ndege ni saa moja na nusu tu". Ni kweli, ila hiyo ni ya hewani. Naweka hesabu yote hapa.

UMBALI
Kwa mstari ulionyooka, uwanja wa Mwanza hadi uwanja wa Julius Nyerere ni kama kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, ni kama 1,150. Barabara inafuata miji, ndege haina kona.

MUDA WA HEWANI
Inategemea ndege yenyewe. Jeti kama Airbus A220 ya Air Tanzania ikishatulia juu inapita kilomita 800 kwa saa, na safari ni kama saa moja na nusu. Mbona inazidi hesabu ya kugawanya? Kwa sababu inatambaa kwanza chini, inapanda taratibu, halafu ikikaribia Dar inapunguza mwendo. Zile za pangaboi, kama ATR 72 za Precision Air, zinakwenda kama kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo zinakaribia saa mbili.

KUTOKA SEGESE
Hapa ndipo watu wanapojisahau. Anayepanda basi Kahama anaanza kuelekea Dar papo hapo, na ana kama kilomita 1,000 tu kupitia Nzega na Singida. Anayepanda ndege inabidi kwanza aende Mwanza, ambako siko upande wa Dar kabisa. Njia ni mbili: Kahama na Shinyanga, au upande wa Geita kisha Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, siku hizi hakuna kusubiri kivuko. Jumlisha barabara hiyo, kusubiri uwanjani, na foleni ya Dar mpaka Upanga. Saa moja na nusu imeshakuwa sehemu kubwa ya siku.

Hata hivyo basi ni kukaa kitini alfajiri mpaka usiku. Kwa mzima inavumilika. Kwa mwenye mshono au maumivu ya mgongo, naona ndege ina maana, hata kama ni kulala Mwanza usiku mmoja.

SOMA TIKETI VIZURI
Saa za tiketi si za Kiswahili. 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu ASUBUHI, sio saa sita na nusu mchana. 13:00 ni saa saba mchana. Jirani yetu mmoja alifika uwanjani mchana, ndege yake ilishatua Dar asubuhi, na hela ya michango ikaenda hivyo hivyo.

Tena, mgonjwa anayehitaji oksijeni au asiyeweza kukaa, ongeeni na shirika KABLA ya kulipa. Wanaweza kudai barua ya daktari, na bila hiyo wakamkatalia mlangoni.

Kwa hiyo mkikaa kuchanga, msiulize nauli peke yake. Ulizeni mgonjwa ataweza kukaa saa ngapi. Nawasilisha.