Ghorofa ya Jirani

Bango la ujenzi likisimamishwa kwenye lango la kiwanja Kileleshwa au Lavington, jijini Nairobi, mtaa mzima hupata habari kabla ya jua kutua. Nyumba ya chini ya zamani, yenye paa la vigae na bustani kubwa, itabomolewa. Mahali pake zitasimama fleti za ghorofa kumi na kitu. Chama cha wakazi huitisha kikao, na katika vikao hivyo nimesikia malalamiko ya aina mbili yakitolewa kwa pumzi moja. Ya kwanza ni ya mabomba: mgao wa maji, visima vinavyokauka, bomba la maji taka lililotandazwa kuhudumia familia chache na sasa linabebeshwa mamia. Mama mmoja alieleza jinsi maji ya choo yalivyopanda na kutokea bafuni kwake tangu fleti za upande wa juu zipate wapangaji, na namna alivyokesha akiyakinga kwa matambara ili yasifike sebuleni. Kisha akasimama mzee mmoja akasema mtaa huu una hadhi yake, na ghorofa zitaleta watu tusiowajua. Wote wawili walipigiwa makofi sawasawa.

Nashikilia kwamba hawakustahili makofi sawa. Aliyelalamikia choo ametaja dhara. Aliyelalamikia hadhi ametaja watu. Mapokeo kadhaa ya sheria za ujirani, ya mbali na ya karibu, yanaonyesha jinsi mambo haya mawili yalivyotenganishwa, na jinsi yalivyokuja kuchanganywa.

Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilika takriban mwaka 200 BK, inashughulikia ugomvi wa majirani kwa undani wa kushangaza. Ukijenga ukuta mkabala na dirisha la mwenzako, uache dhiraa nne ili usimtie giza. Usifungue mlango uelekeane na mlango wa mwenzako katika ua mnaoshiriki, wala dirisha mbele ya dirisha. Mwenzenu akitaka kufungua duka uani, mnaweza kumpinga kwa hoja kwamba wateja wanaoingia na kutoka wanawanyima usingizi. Lakini kelele za watoto si hoja, na wafasiri wanaeleza kwamba wanaokusudiwa ni watoto wanaofundishwa dini. Sheria hiyo inasikiliza lalamiko la kelele, kisha inauliza kelele za nani na za nini. Usingizi wa jirani una uzito, ila hauzidi kila kitu.

Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mjini Tunis, alikuwapo fundi mwashi aitwaye Ibn al-Rami, aliyefariki mwaka 1334. Makadhi walimtuma akakague kuta zilizogombaniwa, naye akaandika kitabu kizima cha hukumu za majengo kwa mujibu wa madhehebu ya Maliki. Msingi ni hadithi ambayo kila mwanachuoni wa pwani yetu anaijua: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Lakini dhara lilipimwa kwa vigezo vya mahali. Wanazuoni wengi wa Kimaliki walimruhusu mtu kuinua nyumba yake hata kama itamkinga jirani jua na upepo. Hawakumruhusu kufungua dirisha jipya linaloangalia ndani kwa mwenzake. Hata mnara wa msikiti haukusamehewa: ikiwa mwadhini akipanda anaona nyua za watu, azuiwe kupanda mpaka pawekwe kizuizi.

Lamu inanigusa zaidi, kwa kuwa huko kitu hicho hicho kililindwa bila kuhitaji amri. Watu wa pwani ni Mashafii, na madhehebu yao kwa kawaida humwachia mwenye mali uhuru mpana zaidi juu ya kiwanja chake. Hata hivyo, ukipita vichochoro vya Mkomani, nyumba za mawe zimebanana mpaka punda wawili wenye mizigo wanapishana kwa taabu, na bado huoni ndani ya nyumba ya mtu. Mgeni hupokewa dakani, kwenye baraza, na njia ya kuingia ndani hupinda ili jicho lake lisifike mbali. Kujenga juu hakukuwa uadui. Binti akiolewa, familia iliweza kumwongezea orofa au nyumba ya ubavuni, na juu ya kichochoro ukajengwa wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili, ili wanawake wapite bila kushuka mtaani. Ni mji wenye msongamano mkubwa kuliko Kileleshwa ya zamani kwa mbali, na heshima ya jirani haikupungua humo. Tusikubali basi kuambiwa kwamba ghorofa na ujirani mwema haviwezi kukaa pamoja.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, ambako lalamiko la jirani lilibadilika sura. Kijiji cha Euclid, kitongoji kando ya Cleveland, Ohio, kiligawa ardhi yake katika kanda: hapa nyumba za familia moja moja, pale fleti, kule viwanda. Kampuni ya Ambler Realty, yenye ekari 68 hapo, ilishtaki. Mwaka 1924 Jaji Westenhaver wa mahakama ya chini aliukataa mpango huo, akiona waziwazi kwamba matokeo yake ni kuwapanga watu na kuwatenga kulingana na kipato chao. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya nchi ilimpindua. Jaji George Sutherland, akiandika uamuzi, alizifananisha fleti na kupe anayefyonza uzuri wa mtaa uliojengwa na wengine. Ni kweli alitaja pia jua, hewa, kelele na magari, yaani madhara ambayo Ibn al-Rami angekubali kwenda kuyakagua. Lakini kanda haikaguliwi na fundi. Inaamua mapema, kabla hata dirisha moja halijachorwa, ni nyumba ya aina gani itakayoruhusiwa, na kwa hiyo ni mkoba wa nani utakaoingia.

Mavuno yake yalionekana Mount Laurel, New Jersey. Familia za watu weusi zilizoishi hapo kwa vizazi ziliomba kibali cha kujenga fleti 36 za bei nafuu, ili vijana wao wasihamie miji ya mbali kwa kukosa makazi. Mwaka 1970 meya alikwenda kanisani kwao akawaambia kwamba wasioweza kumudu kuishi hapo itabidi waondoke. Walikwenda mahakamani, Ethel Lawrence akiwa mstari wa mbele, na mwaka 1975 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba mji hauruhusiwi kutumia kanuni za ardhi kuwafungia nje watu wa kipato cha chini. Nyumba zenyewe zilichukua robo karne zaidi kujengwa, na Lawrence alifariki mwaka 1994 kabla hajaziona. Zilipewa jina lake. Watafiti wakiongozwa na Douglas Massey wa chuo kikuu cha Princeton walizichunguza: bei za nyumba jirani hazikushuka kwa sababu yake, wala uhalifu haukuongezeka.

Nairobi ilipangwa kwa kanda zilizokuwa za rangi kabla hazijawa za fedha. Vilima vya magharibi na kaskazini, vyenye hewa safi na viwanja vipana, vilikuwa vya Wazungu. Wahindi waliwekwa Parklands na Ngara. Waafrika wakasukumwa Eastlands. Sheria ya ardhi ya 1915 ilimpa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isiuzwe kutoka rangi moja kwenda nyingine. Kwa hiyo neno hadhi linapotajwa kikaoni, linatokea mahali ninapopajua. Aliyelitamka ni Mwafrika aliyenunua nyumba kwa jasho lake, na uchungu wake juu ya bustani aliyoilea siudharau. Lakini kila alfajiri walinzi, wapishi na watunza bustani wa Lavington huja kwa miguu kutoka Kawangware. Ni majirani pia, na kikaoni hawaitwi.

Lazima niseme jambo moja dhidi ya wajenzi, maana hoja yangu hupenda kukodishwa nao. Fleti zinazoinuka Kileleshwa si za Mount Laurel. Mpishi wa Kawangware hatapanga humo. Mwekezaji anapowaambia wakazi kwamba wanapinga makazi ya wananchi, anavaa joho lisilo lake. Mwongozo wa jiji wa mwaka 2004 uliruhusu ghorofa 4 katika eneo hilo, na kila anayepita leo anaweza kuhesabu mwenyewe.

Japani imenifundisha namna ya kumbana mtu kama huyo. Mwaka 1972 mahakama ya juu ilimpa fidia mkazi wa Tokyo ambaye jirani alimkinga jua kwa kuongeza ghorofa kinyume cha sheria. Mwaka 1976 sheria ya ujenzi ikaongezwa kanuni za kivuli: mjenzi achore kivuli cha jengo lake kama kitakavyoanguka siku fupi kuliko zote za mwaka, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kisizidi saa zilizowekwa kwa eneo hilo. Hakuna anayeulizwa atakaa nani ghorofa ya tano. Anaulizwa jua linaishia wapi.

Kenya ina mlango wa kuuliza hivyo. Tathmini ya athari kwa mazingira inawapa wakazi nafasi ya kutoa maoni, na leseni ikishatolewa inaweza kupingwa ndani ya siku 60 mbele ya baraza la kitaifa la rufaa za mazingira. Ni baraza hilo hilo lililofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu mwaka 2019, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo barua ya mama yule ipelekwe ikiwa na tarehe za usiku aliokesha, picha za bafu lake, kipenyo cha bomba la barabara yake na idadi ya vyoo vitakavyoongezwa. Mjenzi ajibu kwa namba, ama apanue bomba kwa gharama yake, ama apunguze ghorofa. Na aya ya hadhi ikatwe kabla barua haijatiwa saini.