Leso na Kitenge Si Kitu Moja: Soma Hii Kabla ya Ruracio

Msee, kama ushawahi tumwa leso ukarudi na kitenge, relax, hauko peke yako. Wengi wetu hapa Nairobi tukiona kitambaa cha rangi kali tunaita chochote tu. Shida ni siku ya kubebea mathe wa dem wako zawadi.

Anza kwa kucheki kingo. Leso, ama kanga vile Watanzania hupenda kuita, iko na pindo pande zote nne, kama fremu ya picha. Katikati ni mji, na chini ya mji kuna maneno, yaani jina la leso. Huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, hiyo ndio doti. Unakata, unapinda, moja inafungwa kiunoni, ingine inaenda kichwani ama mabegani.

Kitenge hakina pindo wala jina. Maua yanajirudia tangu mwanzo hadi mwisho, ndio maana fundi anakipenda: anakata popote, shati ama gauni inatoka. Hupimwa kwa yadi ama mita, pisi nzima mara nyingi ni yadi 6. Kiguse pia, ni kizito kuliko leso.

Na usidanganywe eti kitenge kilianzia huku. Ile mbinu ya kuchora na nta ilitoka Java, Waholanzi wakaiga kwa mashine. Vlisco, kampuni ya huko Helmond, iko tangu 1846. Neno leso nalo tulirithi kwa Wareno, walikuwa wanaita kitambaa cha mkono lenço. Mamanzi wa Pwani wakaanza kuvishona vitambaa hivyo pamoja, miaka ya mwisho ya 1800, wakapata nguo moja kubwa.

Sasa rudi kwa yale maneno, juu hapo ndio watu huchomeka. Leso huongea. Mpelekee mathe ile imeandikwa "Mdhaniaye ndiye siye", yaani yule unadhani ndiye, siye, halafu ukae hapo ukingoja chai. Wewe uliona tu rangi ya machungwa, yeye amesoma ujumbe. Kama Kiswahili cha Pwani kinakulemea, mwambie muuzaji akusomee na akueleze kabla hujatoa doo.

Kikoi? Hiyo hata haijachapishwa, mistari yake imefumwa.