Ndizi Iliposhtakiwa kwa Kuharibu Moyo

Leo tunazungumza juu ya ndizi, rabolo kama tunavyoiita hapa nyumbani, na jinsi ilivyowahi kushtakiwa kwamba inaharibu mioyo ya watoto. Mashtaka yenyewe yalitokea ng'ambo ya ziwa letu, Uganda. Aliyeiponza ndizi ni ugonjwa mwingine, wa nadra sana, ambao pengine hujawahi hata kusikia ukitajwa.

Sisi wa Lambwe tunajua habari ya kumtafuta mkosaji wa ugonjwa. Malale ilisumbua bonde hili miaka mingi, na mkosaji akajulikana kuwa ni mbung'o. Akawindwa, akawekewa mitego. Ndizi nayo ilichunguzwa, lakini mambo yake yalikwenda tofauti.

Tuanzie hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1948 Daktari J.N.P. Davies, aliyekuwa akichunguza miili ya wagonjwa waliofariki, aliandika katika jarida la East African Medical Journal juu ya ugonjwa wa moyo wa ajabu. Wengi wa wagonjwa wa aina hii walikuwa watoto na vijana kutoka familia maskini. Tumbo hujaa maji, mgonjwa akakonda na kuhema. Moyo ukipasuliwa, ndani hukutwa kovu jeupe na gumu, limefunika kuta na kuvuta vali hata zisifunge vizuri. Jina lake la kitaalamu ni endomayokadiali faibrosisi. Mimi nitauita kovu la moyo, tusichoshane.

Mwaka huo huo wa 1948, mjini Cleveland, Marekani, Maurice Rapport na wenzake walitenganisha kutoka kwenye damu kemikali inayokaza mishipa. Wakaiita serotonini. Huko Italia, Vittorio Erspamer alikuwa tayari ameiona kwenye utumbo, naye akaipa jina lake. Baadaye ikatambulika kwamba ni kitu kimoja. Wakati huo hakuna aliyefikiria kwamba kemikali hii ingekuja kuhusishwa na watoto wa Mulago.

Sasa nije kwenye ule ugonjwa wa nadra. Mwaka 1907, huko Munich, Ujerumani, Daktari Siegfried Oberndorfer alieleza vivimbe vidogo vya utumbo mwembamba. Vilifanana na saratani lakini vilikua polepole mno. Akaviita karsinoidi, maana yake "kama saratani". Mwaka 1929 alirudi akasema kwamba vingine husambaa na kuua. (Mwanachuoni huyu alifukuzwa kazi mwaka 1933 na serikali ya Hitler kwa sababu alikuwa Myahudi, akahamia Istanbul.) Siku hizi vivimbe hivi huitwa vya nyuroendokrini, kwa kuwa huota kutoka kwa seli zenye tabia mbili: zinafanana na seli za neva, na zinatengeneza homoni. Baadhi yao humwaga homoni hizo ovyo, bila mwili kuziagiza.

Mwaka 1953 Fred Lembeck wa Austria alipata serotonini ndani ya uvimbe wa aina hii. Mwaka 1954 Jan Waldenström na madaktari wenzake wa Sweden wakakusanya dalili za wagonjwa wao pamoja: uso na shingo kuwaka moto ghafla, kuhara kusikokoma, kifua kubana kama pumu, na kovu kwenye vali za moyo upande wa kulia.

Kovu la moyo, tena! Halafu mwaka 1958 watafiti wa Marekani wakatangaza katika jarida la Science kwamba ndizi ina serotonini. Sasa panga mambo mwenyewe, mama. Sweden, serotonini inakwenda pamoja na kovu moyoni. Uganda, watoto wana kovu moyoni. Na Uganda watu wengi hula matoke kila siku. Hata mimi ningeshawishika. Mwaka 1962 Michael Crawford, aliyekuwa Makerere, alichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Afrika Mashariki. Walaji wa matoke walikuwa na mabaki mengi ya serotonini kwenye mkojo. Ilionekana kama ndizi imekamatwa na ushahidi mkononi.

Kilichoiokoa ni jinsi mwili wenyewe unavyofanya kazi. Serotonini ya chakula huvunjwavunjwa kwenye kuta za utumbo na kwenye ini kabla haijafika kwenye moyo. Mabaki yake ndiyo hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo mkojo unaweza kujaa mabaki wakati moyo haujaguswa kabisa. Ini ni kama bawabu: kila damu inayotoka tumboni lazima ipite kwake kwanza. Ndiyo maana hata uvimbe wa utumbo mara nyingi hukaa kimya miaka mingi. Dalili huanza hasa uvimbe ukishasambaa hadi kwenye ini lenyewe, ukawa unamwaga homoni upande wa pili wa lango. Kutoka hapo damu huenda moja kwa moja kwenye moyo wa kulia. Ikipita mapafuni husafishwa tena, na hivyo moyo wa kushoto kwa kawaida husalimika. Lakini kovu la Uganda mara nyingi hushika hata kushoto.

Tena kulikuwa na hesabu za watu. Mwaka 1965 A.G. Shaper na R.M. Coles walionyesha kwamba kovu la moyo Uganda liliwaandama zaidi wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi. Wengi wa wahamiaji hao walikuwa vibarua wa hali ya chini. Kama matoke ndiyo yangekuwa mkosaji, Waganda, ambao matoke ndiyo chakula chao, ndio wangeongoza. Hawakuongoza. Chanzo cha ugonjwa huo bado kinabishaniwa; umaskini, minyoo, na mlo wa muhogo usio na protini vimetajwa sana. Ndizi haikupatikana na hatia.

Basi usimnyime mtoto ndizi kwa kuogopa moyo. Mtoto wa miezi sita kwenda juu, ndizi iliyopondwa ni chakula chema kuongezea maziwa ya mama.

Lakini ugonjwa wenyewe wa uvimbe upo, na huwapata zaidi watu wazima. Kuhara kwingi hapa kwetu ni kwa vijidudu na maji machafu, na ni sawa tuanze kutibu hivyo. Ila mtu mzima akihara wiki baada ya wiki, akaamshwa usiku na tumbo hata kama hakula, dawa za amiba na taifodi zikapita bila nafuu, hapo tusiendelee kubadilisha vidonge tu. Ulizia pia kama uso unawaka, hasa baada ya busaa au chang'aa. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mgonjwa ndiye atakayekuambia anahisi joto. Wanawake huambiwa ni kukoma kwa hedhi. Joto la kukoma hedhi mara nyingi huja na jasho. Hili la uvimbe mara nyingi ni kavu. Omba barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Uvimbe ukigunduliwa mapema, upasuaji unaweza kuuondoa wote. Kwa waliochelewa, tangu mwaka 1988 ipo sindano iitwayo okitreotidi ambayo hupunguza umwagaji wa homoni, na kuhara na joto vikatulia.

Kipimo kimojawapo ni cha mkojo wa saa 24, na hapa ndizi inarudi. Siku tatu kabla ya kipimo, na siku yenyewe, mgonjwa asile ndizi, matoke, nanasi, parachichi, nyanya wala biringanya, maana mkojo utasema uongo. Amwambie daktari dawa zote anazotumia, hata za maumivu na kikohozi. Asubuhi ya kuanza, mkojo wa kwanza humwagwa. Baada ya hapo kila tone hukusanywa, mchana na usiku, pamoja na mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Chupa ya maabara huwa na asidi ndani mara nyingi, kwa hiyo kojolea kwenye kikombe safi kisha umimine polepole, funga, uiweke mahali pa baridi ambapo watoto hawafiki.