Nani Mwenye Wodi? Chuo cha Tiba na Hospitali ya Muhimbili, 1963–2018

Historia ya Muhimbili aghalabu husimuliwa kama ngazi: shule ikawa kitivo, kitivo kikawa chuo kishiriki, nacho kikawa chuo kikuu. Tarehe za masimulizi hayo ni sahihi. Hata hivyo, yanaficha suala ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha historia hiyo: nani mwenye mamlaka juu ya wodi anamofundishiwa mwanafunzi wa udaktari?

Hospitali ilitangulia chuo. Asili yake ni hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, wakati wa utawala wa Wajerumani; jina lake lingali kwenye jengo mojawapo la wodi. Mwaka 1956 Waingereza waliipa hospitali mpya jina la Binti Mfalme Margaret, na baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ilipoanzishwa mwaka 1963, iliwekwa chini ya Wizara ya Afya. Kwa hiyo darasa na kitanda cha mgonjwa vilikuwa na msimamizi mmoja.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1968, shule ilipopandishwa hadhi kuwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ili ifundishe madaktari wa shahada. Taifa changa liliwahitaji mno. Lakini tangu hapo mhadhiri aliwajibika kwa chuo kikuu, ilhali wodi ilibaki mikononi mwa wizara.

Mwaka 1976 Serikali iliunganisha kitivo na hospitali kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Hatua hii haijapewa uzito unaostahili, ingawa ndilo jaribio pekee la kuondoa mpaka wenyewe badala ya kuusimamia tu. Kitivo kilifanywa chuo kishiriki cha sayansi za afya mwaka 1991. Mwaka 2000 Bunge lilikivunja Kituo na kuunda taasisi mbili zinazojitegemea: chuo upande mmoja, Hospitali ya Taifa upande wa pili. Chuo kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, lakini bila hospitali yake.

Ndiyo maana Mloganzila ilibeba matumaini makubwa. Hospitali hiyo ya kufundishia, iliyojengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini na kuzinduliwa Novemba 2017, ilikuwa ya chuo chenyewe. Haikupita hata mwaka mmoja. Oktoba 2018 usimamizi wake ulihamishiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Wahadhiri waliendelea kutibu na kufundisha humo, kama walivyokuwa wakifanya Upanga, katika wodi zisizo chini ya mwajiri wao.