Anayefika Kwanza: Historia ya Huduma ya Kwanza Nile Magharibi

Agosti 2020, mvua iliwakatisha mchezo watoto waliokuwa wakicheza mpira huko Arua, katika eneo la Nile Magharibi, kaskazini magharibi mwa Uganda. Walikimbilia kibanda cha nyasi kilichokuwa karibu, na radi ikakipiga. Tisa walifariki papo hapo. Wa kumi alikata roho njiani akipelekwa hospitali.

Katika misiba ya namna hii daktari hawi mtu wa kwanza kufika. Anayefika kwanza ni jirani, mama anayetoka kupalilia muhogo au kijana wa bodaboda. Ndivyo ilivyo Onduparaka, mahali panapojulikana Uganda nzima kwa klabu yake ya soka iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2016. Ndivyo ilivyo pia Koboko, ambako Uganda inakutana na Kongo na Sudan Kusini. Maarifa ya kuokoa maisha yamefika Nile Magharibi mara nyingi, tena mapema. Shida ni kwamba kila mara yalichelewa kumfikia huyo jirani.

Daktari wa Kizungu aliyeishi mapema katika eneo hili alikuwa gavana. Eduard Schnitzer, maarufu kwa jina la Emin Pasha, alisomea udaktari Ujerumani kabla ya kuitumikia serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta (Equatoria). Mwaka 1885, Wamahdi, waasi wa Sudan, walipomkatia njia ya kaskazini, alihamishia makao yake Wadelai, ukingoni mwa Nile. Mwaka 1889 aliondoka pamoja na mpelelezi Henry Stanley. Tiba yake ilikuwa ya ngome, na ngome ilipohamwa tiba nayo iliondoka. Vijiji viliendelea kutegemea waganga wao, mizizi yao na mabega ya vijana waliobeba wagonjwa.

Mabega hayo yana historia ndefu Afrika Mashariki. Kusini magharibi mwa Uganda, huko Kigezi, watu waliunda vyama vya engozi, yaani machela. Kila kaya ilikuwa mwanachama. Mtu akiugua, wanachama waliitana wakambeba kwa zamu, wakipanda na kushuka milima hadi hospitali. Hakuna aliyelipwa, na kila mmoja alitarajiwa kushika zamu yake, kwa kuwa kesho angeweza kubebwa yeye. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi ilipotaka kuanzisha bima ya afya ya jamii, iliijenga juu ya vyama hivyohivyo. Haikulazimika kuwafundisha watu kusaidiana, maana walikuwa wakisaidiana tayari.

Nile Magharibi mlango mwingine wa maarifa ulikuwa jeshi. Baada ya eneo hili kuingizwa katika Uganda mwaka 1914, vijana wengi wa Kilugbara, Kikakwa na jamii jirani waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles. Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, na ndiyo sababu mojawapo ya Kiswahili kusikika Arua na Koboko hadi leo. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma, katika bonde la Kabaw, kwenye msitu, matope na malaria. Vitani humo walikuwapo wabeba machela na wauguzi Waafrika, nao wasaidizi wa tiba wakiitwa madresa, waliojua kuzuia damu na kufunga banzi mfupa uliovunjika. Ulikuwa ushahidi ulio wazi kwamba stadi hizi hazihitaji shahada. Zinahitaji kufundishwa kwa vitendo, kwa lugha ambayo mwanafunzi anaielewa.

Wakati huohuo maarifa mengine yalibaki vitabuni. Mwaka 1938 Kapteni Charles Pitman, mkuu wa wanyamapori wa Uganda, alichapisha mwongozo wa nyoka wa nchi hiyo. Ilikuwa kazi kubwa, lakini iliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa tumbaku, aliyekuwa akikanyaga kifutu kwenye majani makavu, hakuandikiwa yeye.

Kisha zikaja hospitali. Ndugu wawili wa Africa Inland Mission, Ted na Peter Williams, waliijenga Kuluva, nje ya Arua, ikawa na sifa hadi nje ya mipaka ya Uganda. Ted ndiye aliyefuatana na daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1961 katika safari ndefu ya gari, kutoka hospitali hadi hospitali, wakichunguza saratani ya taya za watoto. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho kilianza Uganda mwaka 1939 kama tawi la kile cha Uingereza, kikawa chama cha taifa kwa sheria ya mwaka 1964. Kupitia wanachama wake wa kujitolea, mafunzo ya huduma ya kwanza yalianza kutoka mikononi mwa wenye makoti meupe.

Vita vilikatiza mengi. Baada ya Rais Idi Amin, mwenye asili ya eneo hili, kuanguka mwaka 1979, majeshi yalilipiza kisasi kwa watu wa Nile Magharibi, na mamia ya maelfu wakakimbilia Zaire (Kongo ya leo) na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali walishambulia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, ambako maelfu ya raia walikuwa wamejihifadhi chini ya bendera ya Msalaba Mwekundu. Makumi waliuawa. Katika miaka ile ya kulala vichakani na kuvuka mito usiku, mtu aliyejua kuzuia damu kwa kitambaa alikuwa na thamani kuliko jengo la hospitali lisilofikika.

Amani iliporudi, serikali ilianza kuelewa. Mwaka 2001 Uganda iliunda timu za afya za vijiji, zinazojulikana kama VHT: watu wa kujitolea wanaochaguliwa na wanakijiji wenzao. Kwa malaria, homa ya mapafu na kuhara kwa watoto, kazi yao inastahili sifa zote. Lakini majeraha, kuumwa na nyoka, radi na kuzama majini vilibaki pembeni, na hatari hizo zimezidi. Lami imefika kutoka Vurra hadi Oraba kupitia Arua na Koboko, na mwendo kasi umekuja nayo. Tangu mapigano ya Juba ya Julai 2016, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Sudan Kusini wamepokewa Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi. Wengi wao hukata kuni na kulima mbali na kituo chochote cha afya.

Kwamba inawezekana kuwafundisha wanaofika kwanza, Uganda yenyewe imethibitisha. Jijini Kampala watafiti waliwafundisha watu 307: polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa. Miezi 6 baadaye, karibu wote waliofuatiliwa walikuwa wametumia angalau stadi moja, hasa kuzuia damu. Wilayani Iganga, mwaka 2016, waendesha bodaboda 154 walipewa mafunzo kama hayo. Walichaguliwa kwa sababu ya wazi: wapo kila njia panda, wana usafiri, na ndio wanaoitwa.

Nyoka nao wanatukumbusha kwamba maarifa hubadilika. Kuchanja jeraha, kunyonya sumu, kufunga kamba ya kukaza na kubandika jiwe jeusi ni mambo yanayochelewesha tiba, na mengine huua kiungo kizima. Yanayosaidia ni machache: mtulize mgonjwa, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, kitulize kiungo kwa banzi kama mfupa uliovunjika, asitembee, abebwe haraka. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi. Dawa ya sumu yenyewe ni adimu. Kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza dawa hiyo aina ya Fav-Afrique mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa, kisha mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Lengo hilo halitafikiwa kama mgonjwa anatumia saa za kwanza kwa jiwe jeusi.

Na radi? Kibanda cha nyasi hakimkingi mtu. Jengo kubwa lenye kinga ya radi, au ndani ya gari lililofungwa, ni salama zaidi. Aliyepigwa hana umeme mwilini, kwa hiyo mshike bila woga. Kama hapumui, anza mara moja kumkandamiza kifua na kumpa pumzi. Wapo wanaorudi kwa njia hiyo.

Mambo haya yanafundishika kwa siku mbili, kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Juba au Kiswahili. Wanaostahili kuwa wa kwanza kufundishwa wanajulikana: steji za bodaboda, makocha wa watoto, walimu, VHT, vyama vya akina mama vya kuweka akiba. Halmashauri za Arua na Koboko zitenge fungu la mafunzo hayo kila mwaka, pamoja na glavu, bandeji na marudio ya mazoezi, kwa sababu stadi isiyorudiwa husahaulika. Wafadhili wanaokuja na mradi wa miezi michache waulizwe swali moja kabla ya kupokewa: mkiondoka, nani hapa kijijini atabaki akiwafundisha wenzake?